Msamaha Ambao Sikuutoa

Maciu alimuua mwanangu kwa ulevi. Nasema hili mapema ili usije ukamhurumia bure. Aliendesha lori la miwa kwenda kiwandani Labasa akiwa amelewa chakari, Sekaia wangu amekaa juu ya mzigo, likapinduka darajani. Maciu akafungwa, akatoka, akaokoka. Sasa anazunguka kisiwa chetu kizima cha Vanua Levu, huku Fiji, akitoa ushuhuda, na watu wanamshangilia.

Kuokoka kwake sina neno nako. Yesu namjua tangu tumboni mwa mama yangu. Kilichonichoma ni kwamba hakuwahi kukanyaga kwangu. Kwetu ukimwaga damu ya mtu, wazee wako wanakuleta na jino la nyangumi, unakaa chini mlangoni, kichwa umeinamisha, unaomba radhi. Nilingoja, nikangoja. Hakuja hata mbwa wao.

Siku moja wifi yangu Kelera akarudi kutoka sokoni anahema. "Wifi, Maciu huko anasema ulimsamehe."

"Mimi?"

"Wewe. Eti ulimkumbatia."

"Nipe mkoba wangu."

"Wifi, presha yako!"

"Presha itajijua."

Mkutano wa injili ulikuwa mjini, hema limejaa mpaka nje. Maciu amesimama jukwaani, shati jeupe, maikrofoni mkononi. Akaeleza bia, akaeleza lori, akaeleza "kijana mmoja" aliyefariki, kisha jela, na jinsi Bwana alivyomtembelea kwenye selo. Halafu akashusha sauti.

"Nikaenda kwa mama wa yule kijana. Akanikumbatia. Akasema, mwanangu, nimekusamehe."

Haleluya zikalipuka. Mwanamke aliyekaa kando yangu alilia mpaka kamasi. "Mama gani huyo, jamani! Mungu amzidishie!"

"Mama mwenyewe ndiye mimi," nikamwambia, "na sijamkumbatia mtu." Nikasimama.

"We Maciu! Ulikuja kwangu lini?"

Hema zima likageuka. Mchungaji akamnyang'anya maikrofoni. "Wapendwa, tuombe. Adui anataka kuvuruga ibada."

"Kwani adui ndiye aliyeshika usukani?"

Kinanda kikaanza kupigwa taratibu, ule muziki wao wa kuwaliza watu. "Na wewe, zima hicho!" Kikazimwa.

Maciu alikuwa anatoka jasho. "Mama, nilitaka kuja. Mchungaji alisema jino la nyangumi ni mambo ya giza."

"Basi ungekuja mikono mitupu, nikuone uso! Ulipata nafasi ya kuzunguka kisiwa kizima, kwangu ndiko kulikokushinda? Na huyo 'kijana mmoja' ndiye nani? Hana jina?"

"Sekaia," akasema.

Akashuka jukwaani, akataka kunipigia magoti pale pale, na watu walishaanza kunyanyua mikono juu. Hasira zikanipanda upya.

"Inuka! Msamaha wangu haugawiwi hemani watu wakipiga makofi. Uko nyumbani. Njia unaijua."

Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka.

Alikuja Jumamosi. Mjomba wake alitangulia na jino la nyangumi, yeye nyuma, mchungaji hayupo. Akakaa mlangoni, kichwa chini. Shemeji yangu akalipokea jino kwa niaba ya nyumba yetu, akasema maneno yanayosemwa, na ugomvi wa nyumba zetu mbili ukaishia hapo. Kisha wote wakanigeukia mimi, wakisubiri nilie au nimkumbatie.

Nikamtazama. Alikuwa rika moja na Sekaia, hata nywele za pajini zimeanza kurudi nyuma kama ambavyo za Sekaia zingerudi. Nikaenda jikoni, nikaleta chai na muhogo wa kuchemsha, nikavitua mbele yake kwa kishindo hadi chai ikamwagika.

"Kula. Na ukisimama tena mbele ya watu, useme ulivyokuta. Sema: nilichelewa kwenda, mama yake Sekaia akanipa chai, hakunikumbatia, hasira zake bado anazo. Ukiongeza neno lako hata moja, nitakuja tena."

"Ndiyo, mama."

"Na jina la mwanangu ulitaje."

"Nitalitaja, mama."

"Haya kunywa, inapoa."