Uko na Nani?

...uko na nani, ndivyo Enock alivyouliza kwenye simu, hakuuliza habari za asubuhi wala habari za nyumbani, uko na nani, na Nestor, kapiga goti kwenye changarawe, baiskeli kaipindua magurudumu juu, tyubu iliyopasuka inaning'inia mkononi, akajibu niko peke yangu, akajibu tu bila kufikiri, halafu ndipo moyo ukamlipuka, maana mtu haulizwi hivyo bure, yeye mwenyewe kawauliza watu hivyo hivyo, Februari hii alimpigia Walter kule Blaine, mji wa jirani huku ughaibuni, uko na nani, umekula, usiendeshe gari tunakuja, wakaenda wanne pamoja na mchungaji kumpa habari ya msiba, wakanywa chai, wakaiongelea theluji nusu saa nzima hadi mchungaji akakohoa, na Walter alimwambia baadaye, nilijua tangu uliponiuliza kama nimekula, tangu lini wewe ukajali tumbo langu... "Kwema lakini?" Nestor alimuuliza Enock, na Enock, mtu wa maneno mengi huyo, mtu wa utani hata kanisani, akasema, "Kwema, kwema kabisa, nitumie location, usi-ride, kaa hapo hapo tunakuja," kisha, "Umekula lakini?"

Dakika kumi na saba sasa tangu simu ile, na kutoka Maple Grove wanakotoka hadi huku ni arobaini, tyubu mpya imeshaingia, tairi limeshakaa kwenye rimu, kilichobaki ni upepo, sukuma, vuta, sukuma, pampu yenyewe ndogo kama ya kuchezea, na kushoto mahindi yaliyokauka, na kulia mahindi yaliyokauka, na njia katikati imenyooka hadi inapotelea mbali, maana treni haipendi kona wala mlima, na treni ndiyo iliyochora njia hii kabla watu hawajang'oa reli na kumwaga changarawe, na hakuna gari linaloruhusiwa kupita, ndiyo maana aliipenda, kila Jumamosi kwa saa tatu nne hakuna mtu wa kumfikia, hakuna wagonjwa wa kugeuza kitandani, hakuna kengele, na leo wanaomtafuta hawana pa kumpatia ila hapa inapokatiza barabara, kwa hiyo anangoja... Haika hapokei. Mara sita kampigia mkewe, simu inaita hadi inakata, na Haika hata akiwa jikoni na unga mikononi hupokea kwa kiwiko, na leo ni Jumamosi, Jumamosi Haika humpeleka Noela kuogelea, kwenye lile bwawa refu ambalo Nestor hajawahi kulipenda, mtoto wa miaka tisa na maji ya kina kile, na kabla ya bwawa kuna barabara kuu, na malori... sukuma, vuta... isiwe Noela, Mungu wangu, yeyote, isiwe Noela, na sauti ndani yake ikauliza, yeyote ndiye nani, na wakaja wenyewe wakajipanga mbele yake, Haika, hapana, Haika hapana, Solomon mdogo wake kule Moshi, ana watoto watatu na wa mwisho bado ananyonya, hapana, akabaki mama, huko huko Moshi, mama ana miaka sabini na nane, ana presha, ana magoti, kala chumvi nyingi, na Nestor akausikia moyo wake ukisema taratibu, kama mtu anayechagua mkungu wa ndizi sokoni, basi mama.

Hakuielewa kamwe hii baiskeli, mama, gari unalo, ninalo mama, limeharibika, hapana, sasa mtu mzima na shahada yake anaendesha baiskeli porini kama muuza maziwa, unamkimbia nani, mwanangu, na yeye akacheka, akamgeuzia simu aione njia, akamweleza palikuwa na reli hapa, treni ikaacha kuja, wakang'oa vyuma wakabakiza njia, na mama akaitazama muda mrefu, akauliza, na wale waliokuwa wakiingoja hiyo treni, nani aliwaambia... sukuma, vuta... tableti. Noela ana tableti yake, kwa nini hakufikiria tableti, akafuta mkono wenye grisi kwenye suruali, akapiga, ikaita mara moja, mbili, tatu, na tairi likamtazama, na ya nne ikakatika katikati, na "Dad?" Dad! "Dad, Mom said nobody's supposed to pick up." "Uko wapi, mama? Uko wapi?" "Home. We didn't go swimming. There's like so many people, Auntie Peris is here, they're moving the couch. Uncle Solomon called, and then Mom..." na nyuma yake Haika, mzima, mkali kama kila siku, "Noela! Nani kakwambia upokee? Lete hapa!" na simu ikakatika, na Nestor kasimama katikati ya mahindi akasema kwa sauti, asante Mungu, asante, asante, huku anacheka, alicheka kweli, mabega yakamshuka, na kunguru mmoja akaruka kutoka kwenye mahindi, na ndipo hesabu ikamfikia, taratibu, moja baada ya moja, Noela yuko nyumbani, Haika yuko nyumbani, Solomon ndiye aliyepiga simu, na sofa halihamishwi sebuleni ila watu wapate pa kukaa chini, na wanakaa sebuleni kwake, siyo kwa mwingine, kwa hiyo mfiwa ni yeye... na amecheka. Mama kafariki, naye amemshukuru Mungu, mara tatu, kwa sauti, na kabla ya hapo alikuwa kamchagua.

Aibu ikampanda hadi masikioni, machozi angeyataka, hayaji, kinachokuja ni sauti yake mwenyewe, basi mama, basi mama, na alijua kwamba watamwambia pole, watamshika, Enock atamkumbatia na kulia kweli kwa sababu Enock hulia, na yeye itabidi aulize kwema jamani, kama hajui, wasimgombeze mtoto, na itabidi ashtuke, na ataweza kushtuka, lakini ule unafuu wa kwanza, ule ulioshuka mabegani, hakuna atakayeuona na yeye atakaa nao, kwenye maziko, kwenye arobaini, kila Jumamosi, hata Noela akimkumbatia... na wale waliokuwa wakingoja, nani aliwaambia, hakuna mtu, mama, walijua wenyewe, walikaa tu wakajua... Tairi limekuwa gumu kama jiwe. Baiskeli iko tayari, njia iko wazi pande zote mbili, na barabarani bado hakuna gari. Nestor akapiga goti, akaibonyeza vali kwa kidole gumba, upepo ukatoka wote hadi tairi likalegea, kisha akaiweka pampu tena akaanza upya, sukuma, vuta, ili wakifika wamkute bado kainama na pampu.