Mluzi wa Marehemu

Tangu mlezi wao azikwe, panya wa maabara walikuwa wamegoma kutafuta chakula. Dada wa marehemu, aliyerithi kazi yake, alifukia mbegu za alizeti kwenye mchanga wa sanduku la kioo, apime jinsi wanavyozinusa na kuzifukua. Akafungua mlango wa tundu. Hakuna aliyetoa hata pua.

"Mdogo wangu, nimevumilia," alisema mkuu wa maabara. "Wasipotoka leo tutawaua, tulete wengine. Panya hawakai matanga."

"Kaka aliwalea tangu hawana manyoya, bosi. Nipe mpaka jioni."

Akawaza ni kitu gani kaka yake alifanya ambacho yeye hafanyi. Mchanga ulikuwa ule ule, mbegu zile zile. Ndipo akakumbuka: marehemu hakuweza kufukia mbegu bila kupiga mluzi, tena mluzi wa ovyo, usio na wimbo, ambao mama yao aliupiga marufuku nyumbani.

Akakaza midomo, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, mluzi wa ovyo ukatoka. Panya mmoja akachungulia, akatoka, kisha wote wakatapakaa mchangani wakifukua.

Mkuu akashika kichwa. "Lo! Kumbe muda wote wanatoka kwa mluzi, si kwa harufu, na sisi tunasifu pua zao! Utafiti wote umekwenda na maji."

"Umekwenda, bosi," alisema, machozi yakimtiririka. "Lakini waache wale kwanza."

Akaendelea kupiga mluzi.