Maji Meusi Chumbani kwa Mama

Mwanga wa jua la mwezi wa saba huingia nyumbani mwetu kwa adabu. Hupiga hodi kwanza juu ya dari, hushuka ukutani hatua kwa hatua, na ukifika uani umeshachoka, umekuwa mweupe wa maziwa yaliyotiwa maji. Mawe ya nyumba hii hayaupati. Mawe yetu hunywa mvua ya masika yote, kisha kusi ikianza kuvuma huitoa baridi yake kidogo kidogo, na humpa kwanza mwenye goti bovu.

Goti bovu la nyumba yetu lilikuwa la mama yako, Baba Tumu. Nakuhadithia haya ingawa ulikuwepo, kwa sababu ulikuwepo kama wanaume wanavyokuwepo: mikono yako ilikuwa kwenye kazi, na macho yako yalikuwa kwenye mikono. Mengine niliyaona mimi peke yangu. Mengine niliyafanya mimi peke yangu, na hayo ndiyo mazito.

Tumu wetu alikuwa ameolewa Malindi. Tulibaki watatu katika nyumba ya vyumba saba, wewe, mimi, na Bi Mwanakuu, ambaye ni mama yako kwa kuzaa na mama yangu kwa kunivumilia. Na Mama alikuwa na haja moja tu duniani. Bangili alizokuwa nazo zilimtosha, na Hija alikwisha kwenda. Alitaka kusujudu. Miaka miwili alikuwa akiswali juu ya kiti, akiinamisha kichwa kidogo, na kila akitoa salamu aliutazama mswala uliokunjwa pale pembeni kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyohama.

"Mwenyezi Mungu anipokelea hivi hivi, najua," alikuwa akisema. "Lakini paji langu laitamani sakafu."

Ulilisikia neno hilo, ukanyamaza siku tatu. Nakujua ukinyamaza. Wewe uliyemaliza ujana wako katika tumbo la meli, ukilisha moto na kunywesha boila, mapipa yale ya mvuke, huwezi kuona baridi bila kuitafutia bomba.

Siku ya nne mkaingia na mkokoteni, wewe na Tsuma, mwenzio wa kazi kule Liwatoni, mtu wa Rabai ambaye akisema maneno kumi kwa siku huwa ameumwa. Juu ya mkokoteni palikuwa na mabomba ya nyumba moja ya Kizingo. Mwenyewe alikuwa mzungu wa serikali, uhuru ulipokuja akarudi kwao, na aliyehamia humo hakutaka mabomba ya zamani. Nikayatazama. Nikatazama ukuta wangu mweupe. Nikasema Alhamdulillahi.

Mkatoboa, mkakunja, mkafunga. Pipa la chuma mkaliweka jikoni, juu ya moto wetu ule ule wa kupikia. Kwenye pipa likatoka bomba, likapanda ukutani, likaingia chumbani kwa Mama, likapita chini ya kitanda chake na nyuma ya kiti chake, likashuka tena kurudi jikoni. Juu kabisa, darini, mkaweka tangi dogo lenye kifuniko. Chini kabisa, karibu na mguu wa pipa, mkatia koki ya kumwagia maji.

Moto ukawashwa. Nami nikapanda, nikaweka kiganja changu juu ya bomba, nikangoja. Lilikuwa baridi, kisha halikuwa baridi, kisha likawa na joto la shavu la mtoto aliyelala. Maji yalipanda bila kusukumwa na mtu, yakashuka bila kuitwa. Yanayozunguka ni yale yale, uliniambia, hayatoki, hayanyweki, hayaogwi, kazi yao ni kubeba joto kulipeleka juu na kurudi kuchukua jingine. Nilikupenda siku ile, Baba Tumu. Nilikupenda na masizi yako yote.

Kisha ukalifungua kopo la mwisho la dawa ya boila, ulilopewa na injinia wa meli siku mliyoagana. Unga wa rangi ya kahawa. Ukaukoroga, ukaumimina katika tangi la juu, ukaniambia:

"Mama Tumu, maji haya usiyaguse. Yataingia weusi, yatanuka chuma. Yaache na weusi wao."

Nikakuitikia. Niliitikia kwa mdomo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Wewe ulikuwa Liwatoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo wake umeegemea joto, uso wake umelainika. Akaniuliza, kwa upole tu, huku akihesabu tasbihi yake:

"Sheikha, mwanangu, maji yaliyomo humu yapitayo karibu na mswala wangu, ni twahara?"

Nami nikasema, "Ni twahara, Mama."

Nilijuaje? Sikujua. Nikashuka jikoni, nikafungua koki kidogo nionje kwa macho. Yakatoka meusi, yananuka kama sufuria iliyosahauliwa. Nimemwambia mtu mzima ni twahara, na tazama hii. Nyumba yangu ambayo wageni huisifu kwa udi na kwa usafi, ndani ya kuta zake yanapita haya.

Basi nikaugeuza uongo wangu ukweli. Alhamisi ile baada ya alasiri nikafungua koki, nikayamwaga yote, mapipa ya weusi yakaenda zake mtaroni. Nikateka maji ya kisima chetu, yale matamu kidogo na ya chumvi kidogo, nikapanda nayo darini ndoo kwa ndoo, nikajaza tangi mpaka likasema basi. Moyo wangu ukatulia. Nikafukiza udi. Na Alhamisi iliyofuata nikafanya tena, na iliyofuata, na iliyofuata, mwaka mzima wa Alhamisi, ili Ijumaa ya Mama iamkie maji mapya.

Ulikuwa ukirudi jioni na kuugusa ukuta kwa fahari, na mimi nilikuwa nikikuandalia chai kwa fahari yangu pia. Kila mmoja akidhani ni yeye aliyeutunza mtambo ule. Na Mama alikuwa akipata nafuu. Kusi ya kwanza aliweza kuteremka kitandani bila kushikwa. Alianza kulikunja goti, robo, kisha nusu, akiliweka juu ya bomba kwa taulo nililomnunulia Biashara Street. "Bado kidogo," akawa akisema. "Lanisikia sasa."

Kisha ikaja kusi ya pili, mwaka sitini na tano, mwezi wa sita. Nilipanda asubuhi na uji wa Mama nikaona mstari mwekundu ukutani. Ulitoka kwenye kona ya bomba, ukashuka, ukafika kwenye mswala uliokunjwa, ukauandika. Kutu. Kutu mbichi, nyekundu, inayodondoka.

Ulipoifungua kona ile, ukatia kidole, kidole kikatokea upande wa pili. Uligonga hapa, ukagonga pale, na kila ulipogonga palijibu kwa sauti ya bati. Tsuma, aliyekuwa amekuja kukupitia mwende kazini, akainamia bomba lililofunguliwa, akachota kiganja cha tope jekundu, akalitazama muda mrefu.

"Mwaka mmoja," akasema. "Chuma cha nguvu hivi."

Ukakaa sakafuni, mgongo ukutani, spana mapajani. Sijawahi kukuona umekaa hivyo. Ukasema mabomba ya Kizingo yalikuwa mabovu tangu mwanzo, na wewe hukuyajua. Ukasema labda macho yako yamezeeka. Ukasema ya meli ni ya meli, na ulikosea kuyaleta nyumbani, na kwamba kesho mtang'oa yote na kuziba matundu kwa chokaa. Mama alikuwa kitandani, anasikia. Alivuta shuka juu ya magoti yake yote mawili. Mkono wake ukaenda nyuma ya kiti, pale palipokuwa na joto, ukakuta baridi, ukarudi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Nikinyamaza, mtu wangu atajiona fundi mbovu mpaka kaburini, na Mama atarudi juu ya kiti chake milele. Nikisema, mume atajua nilimvunjia neno lake, na Mama atajua nilimwapia jambo nisilolijua. Niliona haya, Baba Tumu. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

"Si mabomba," nikasema. "Ni mimi."

Nikayatoa yote. Koki, Alhamisi, ndoo, kisima. Nilipofika kwenye kisima ulifumba macho. Tsuma akainuka taratibu, akasema anakwenda kutazama mkokoteni.

Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Ulinieleza kwa sauti ndogo kama unayesomesha. Kwamba chuma hakiliwi na maji, huliwa na hewa iliyomo ndani ya maji. Kwamba maji mapya huja na hewa yake na njaa yake. Yakichemka hewa hutoka, yakikaa hutulia, na dawa hukitandika chuma ndani kwa ndani kama samli inavyotandika chungu. Yale meusi ndiyo yaliyokwisha kushiba. Kila Alhamisi mimi niliwafukuza walioshiba nikaingiza wenye njaa, tena wa kisima, tena wenye chumvi. Na dawa yote ya kopo ilikwenda mtaroni siku ile ya kwanza.

Mama akakohoa. Tukageuka sote.

"Sheikha," akasema. "Maji yale nalikuwa nikiyanywa?"

"La, Mama."

"Nikitawadhia?"

"La."

"Basi twahara yao ingenifaa nini? Mimi nalikuuliza nijue, sikukutuma." Akanitazama kwa yale macho yake. "Ndoo ngapi kila Alhamisi?"

"Ishirini na mbili."

"Mpaka darini?"

"Mpaka darini."

Akatikisa kichwa. "Na mimi nikilala hapa nikidhani mwenye magoti ya kuombewa ni mimi."

Wewe ndiye uliyeanza kucheka. Ulicheka ukiwa umefumba macho, mabega yakitikisika, na mimi nikacheka nikilia, na uji ukapoa.

Hamkung'oa. Mlikata vipande vilivyooza, mkatia vingine alivyovipata Tsuma. Lakini dawa ilikuwa hakuna, na injinia wako alikuwa mbali, Mungu ajuaye bandari gani. Ukakumbuka kwamba aliwahi kukuambia unga ule hutengenezwa kwa magome ya miti, yale makali yanayokaza ngozi. Tsuma, katika maneno yake kumi ya siku ile, akasema: "Mkoko." Kesho yake akaleta gunia la magome ya mkoko begani.

Nikayachemsha mimi. Nilitaka kuyachemsha mimi. Nikayaponda, nikayatia katika sufuria kubwa ya pilau ambayo tangu hapo si ya pilau tena, nikayapika mpaka maji yakawa mekundu, kisha ya rangi ya kahawa, kisha meusi. Nikayachuja kwa kitambaa mara tatu. Ukaniomba magadi nikakupa kopo langu la jikoni, nawe ukapima kwa kijiko, ukaonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Kisha ukanyanyua sufuria ukanipa.

"Mimina wewe," ukasema.

Nikapanda darini, mara hii na maji ya mvua tuliyoyakinga masika, na baada yake weusi ule. Niliumimina polepole. Ukashuka ndani ukiimba, ukaingia gizani kwenye kazi yake, nami nikafunga kifuniko.

Ulikuwa na uwezo wa kuling'oa shikio la koki, Baba Tumu. Fundi mwingine angeling'oa akalitia mfukoni. Wewe uliliacha pale pale, linafunguka kwa vidole viwili. Hilo sitalisahau.

Usidhani ilikuwa rahisi. Alhamisi ya kwanza baada ya alasiri mikono iliniwasha. Nikaosha vyombo vilivyo safi. Nikafagia ua uliofagiwa. Nikapita mbele ya koki mara nne na mara ya tano nikaisalimu. Maji yale yale, nikajiambia. Yaache na weusi wao. Alhamisi ya pili ilikuwa nyepesi kidogo. Ya tatu nilisahau, nikakumbuka siku ya Jumamosi, nikajicheka mwenyewe jikoni.

Na Mama akawa akikaa chini. Alikuwa amehama kwenye kiti, nami nikimshusha na kumwinua, akitandika taulo sakafuni kando ya bomba, miguu ameinyoosha juu ya joto, saa nzima asubuhi, saa nzima jioni. Robo. Nusu.

Jana ulikuwa Liwatoni, ndiyo maana nakuhadithia. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Nilikuwa napita ukumbini na nguo za kuanika nikaona mlango wa chumba chake uko nusu wazi, na kiti kitupu. Mswala ulikuwa umetandikwa, wenye alama ya kutu ambayo sikufaulu kuitoa. Mama alikuwa akiswali kwa kukaa chini. Nikaona mgongo wake ukiinama, ukiinama, ukapita pale ulipozoea kukomea. Mkono mmoja ukashika sakafu. Wa pili. Kisha paji.

Akakaa hapo. Nguo zilikuwa zikidondosha maji miguuni mwangu na sikuweza kusogea. Akakaa mpaka nikaogopa. Kisha akainuka, akarudi tena chini, akamaliza rakaa zake zote, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa.

"Sheikha," akasema, na uso wake ulikuwa umelowa. "Kushuka nimeweza. Kupanda bado. Njoo unishike mkono."

Nikaweka nguo chini, nikaingia, nikamshika.