Kishikio cha Cheche

Gari lilikuwa limechemka mara mbili kwenye mlima uleule, na Bwana Ebersole, mwenye karakana, alikuwa amekwisha kutoa uamuzi: likichemka mara ya tatu, Kazimierz Wojtan, fundi aliyeiunga rejeta ya kupozea maji ya injini, asionekane tena kazini Jumatatu. Kisha akapanda farasi wake, akaenda kuwasubiri kileleni.

Chini ya mlima, Lemuel Haskett, dereva wa majaribio, alikuwa akimimina maji kwa ndoo. Gari halikuwa na bodi bado; viti vyao vilikuwa sanduku la mbao, na nyuma yake magunia ya mchanga.

"Rejeta yako ingefaa kupikia kabichi, Kaz."

"Lete soseji basi, tule," alijibu Kaz, lakini hakucheka. Alikuwa amekagua mkanda wa feni na mpira wa maji, akapapasa kila kiungo. "Haivuji popote, Bwana Haskett."

"Basi joto linatoka wapi? Kwa shetani?"

Haskett alirudisha nyuma kishikio cha cheche kilichokuwa chini ya usukani, kama ilivyo desturi wakati wa kuwasha, ili cheche ichelewe na hendeli, chuma cha kuzungushia injini, isimrushe mtu. Aliizungusha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulivunjwa na hendeli mwezi Februari, na ulikuwa umeunga kombo.

Injini ikawaka, wakaondoka.

Katikati ya mlima mvuke ulianza kupiga mluzi. Kaz aliinama, na katika upenyo wa mbao akaona bomba la moshi limeiva, jekundu kama kaa. Akatazama usukani. Kishikio kilikuwa bado palepale nyuma. Cheche ilikuwa ikichelewa, na moto uliopaswa kuisukuma pistoni ulikuwa ukiishia kwenye bomba na kwenye maji.

"Bwana Haskett, hujasogeza cheche mbele."

"Mwache dereva aendeshe."

"Bomba limeiva!"

"Na injini ikizima hapa, cheche ikiwa mbele, nani atazungusha hendeli? Wewe? Mimi ilinivunja hivyohivyo!"

Aliyegusa vishikio vya dereva katika majaribio alifukuzwa siku ileile. Kaz aliukunja mkono wake magotini. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kinatetemeka.

"Ikizima, nitazungusha mimi," alisema. "Hata ikivunja mkono, utakuwa wangu."

Gari lilisota hatua kama ishirini hivi, kisha mkono ule wa kombo ukainuka taratibu, ukakisukuma kishikio mbele.

Injini ikavuta pumzi mpya. Gari likaruka, mluzi ukafifia, na walipofika kileleni palikuwa na uzi mmoja tu wa mvuke.

"Amebadilisha nini?" aliuliza Ebersole, akimtazama Kaz.

Kaz aliinamia mkanda wa feni.

"Hajabadilisha kitu," alisema Haskett. "Rejeta ni nzima. Naiogopa hendeli tangu Februari, basi nikaiacha cheche nyuma. Kosa ni langu."

Ebersole aliutazama mkono ule kwa muda. "Wojtan, Jumatatu uje. Haskett, izime. Nataka kuona kama itawaka ikiwa na joto."

Injini ikanyamaza. Kabla hajaambiwa, Kaz alikuwa ameshateremka na kushika hendeli. Juu ya sanduku, Haskett alikirudisha kishikio nyuma hadi mwisho, akakikagua mara mbili.

"Tayari, Kaz," alisema. "Zungusha."