Kadi za Wafiwa

Mchirizi wa kwanza mweusi ulitokea kwenye herufi A. Lea alidhani ni kivuli. Mashine yake ndogo ya kukatia kadi ikaendelea kukata, kisu chake kidogo kikikwaruza karatasi kama panya darini, na kila roli inayoivuta ilipozunguka ikaacha mchirizi mwingine unaonuka gereji. Ilipoitema karatasi, jina la marehemu baba yake, Aroni, lilikuwa limetobolewa sawasawa, lakini limezungukwa na uchafu.

Kesho yake, baada ya ibada, akina mama wa usharika wangezunguka mji wa Mafinga kuwatembelea wafiwa wote wa mwaka huo, kama walivyofanya kila Desemba, ili nyumba yenye msiba mbichi isiikabili Krismasi peke yake. Safari hii mwenyekiti wao, mama Esnath, alikuwa amemwomba Lea awatengenezee kadi. Yeye Lea, ambaye kwa haya zake hata tangazo hajawahi kulisoma kanisani! Alibuni kadi nyeupe, jina la marehemu likiwa limetobolewa katikati. Ukiisimamisha dirishani, mwanga unapita kwenye herufi. Kadi moja, ile yenye jina la baba, ilikuwa ya kupewa mama yake mwenyewe, na mama hakuwa na habari.

Alifunua mashine. Reli kinayotembelea kisu ilikuwa inang'aa kwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za malori. Ilikuwa imechuruzika kwenye roli, ikasambaa mpaka kwenye kile kibao cha plastiki chenye gundi kinachoshikilia karatasi isicheze. Gundi ilikuwa imekufa.

"Jofrey!"

Tangu azaliwe hakuwahi kulitaja jina hilo bila kutanguliza "kaka".

Jofrey alitokea mlangoni, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa palepale uani. "Umeshaijaribu? Ulipokwenda sokoni asubuhi nimekupigia sevisi. Kitu kinalia kama mbuzi, dada! Nikasema, huyu msomi wetu kubonyeza anajua, kulainisha hajui."

"Umeipaka oili chafu."

"Sasa niipake mafuta ya nazi? Misumeno yote ya Mafinga inakunywa oili chafu na inapasua misonobari kutwa. Mashine ya kukata ni mashine ya kukata."

"Inakata karatasi! Karatasi nyeupe, Jofrey!"

Mama alitoka jikoni, mikono imejaa unga. "Mnapigania nini mpaka majirani wasikie? Lea, mwenzio kakusaidia. Mwambie asante, yaishe. Karatasi tu hizo."

Lea alizikumbuka asante zake zote. Jofrey alipoipunguza miguu meza yake ya kusomea ili "ikae vizuri", akabaki anasomea magotini, alisema asante. Alipoipaka baiskeli yake vanishi ya majeneza, kwamba inazuia kutu, alisema asante, na akaiendesha mjini watoto wakimwimbia nyimbo za msiba. Asante zote hizo zilikuwa zimemlalia kooni kama mifupa ya samaki.

"Sisemi!"

Mama alirudi nyuma hatua moja.

"Sisemi asante! Kitu changu kimoja ndani ya nyumba hii! Nimekipakata kutoka chuoni Mbeya mpaka hapa, sikukiweka hata chini ya kiti, na hicho nacho amekitia mikono. Bila kuniuliza!"

Jofrey aliangua kicheko. "Kumbe huyu ana koo! Mama, tulidhani Mungu alimnyima spika."

Kicheko hicho ndicho kilichomnyanyua. Lea alimpita mlangoni, akavuka uani, akaingia karakana moja kwa moja. Patasi nyembamba ya Jofrey ilikuwa juu ya rafu, imeviringishwa kwenye kitambaa, mahali ambapo hata mwanafunzi wake hakuruhusiwa kunyoosha mkono. Akaifunua.

"Weka chini hiyo." Jofrey hakuwa anacheka tena. "Lea! Unataka kukatia karatasi? Karatasi inaua makali kuliko mbao za mninga! Hata hujaniuli..."

Akasikia anachokisema.

"Enhe," Lea alisema. "Malizia."

Jofrey alisogea, akampisha mlangoni.

Lea alirudi ndani na patasi na kipande cha ubao. Alitandika karatasi safi juu ya ubao, akachora herufi kwa penseli, akaanza kusukuma. Ya kwanza ilichanika kwa sababu alisukuma kwa hasira. Akaitupa, akaanza upya. Jina la marehemu Marcelino likatoka. La Tusajigwe nalo likatoka. Patasi haikujua kukata mviringo, kwa hiyo kila O ikawa na pembe nne kama kidirisha. Basi na iwe hivyo.

Mama alikuwa ameiokota ile kadi chafu sakafuni. Alilisoma jina, kisha akakaa.

"Hii ilikuwa ya kupewa nani?"

"Yako."

Mama aliifuta kwa upande wa kanga, mchirizi ukazidi kutanda.

Jofrey alikuwa amesimama mlangoni, na kadi alikuwa ameiona. "Ya baba nipe niikate mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Patasi ni kazi yangu."

"Hapana."

"Nitaikata vizuri kuliko wewe."

"Najua. Hapana." Lea alitandika karatasi nyingine. Bila kuinua macho akaongeza, "Kanawe mikono."

Alikwenda. Walimsikia bombani akijisugua kwa sabuni ya unga na mchanga, akisugua na kusuuza, akirudia. Alirudi vidole vimekuwa vyekundu, akavionyesha pande zote mbili kama mtoto anayekaguliwa shuleni.

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Shika karatasi isiteleze."

Jofrey alipiga magoti kando ya ubao, akaishika karatasi kwa vidole vyote kumi. Lea aliiweka patasi kwenye mstari wa penseli na kusukuma kwa nguvu. Makali yalipita karibu na kidole gumba cha kaka yake, karibu mno, na Jofrey hakukiondoa.