Koo la Mzee wa Kitanda cha Sita

Kaka yangu Zhanhe akiimba sehemu ya jemadari katika opera kwenye jukwaa la hekalu letu, kuku wa ng'ambo ya bonde waliacha kutaga siku tatu. Nilikwenda mwenyewe kukagua viota. Basi mkate wa mvuke ulipoanza kumkwama, na vipimo vikasema ni kansa ya umio, bintiye Xiuling alinijia mimi.

"Baba mdogo, kwa uongo hakuna anayekuweza. Mwambie ni kidonda tu."

Kwetu mkoani Henan mgonjwa haambiwi. Ndugu hubeba jina la ugonjwa, yeye hubeba ugonjwa. Nikamwambia ni kidonda, tena kidogo kama punje ya mtama. Akaitikia, "Haya."

Daktari Shen akatuita pembeni. Njia za upasuaji ni mbili, alisema, zote za matundu madogo na kamera. Ya kwanza hupita kati ya mbavu: huko anaona vizuri na tezi anazisafisha vizuri, ila pafu moja hulazwa kwa saa kadhaa, na mapafu ya Zhanhe yalishajaa vumbi la machimbo ya mawe. Ya pili huanzia shingoni, mbavu haziguswi, lakini mshipa wa sauti uko palepale vifaa vinapopita. Ukiumia, sauti inaweza isirudi.

"Mimi siwezi kuwachagulia. Muulizeni mwenyewe anathamini nini."

Xiuling akaanza kulia. Kumuuliza ni kumwambia. Nikasema, niachieni mimi.

Nilimkuta kaka anakunywa uji kwa tabu. "Kaka, kuna mzee kitanda cha sita, ana kansa ya koo, wanawe wanagombana." Nikamweleza njia zote mbili bila kutia chumvi, mara yangu ya kwanza maishani.

Akacheka. "Shingoni, bwana! Mzee mzima, sauti ya nini? Ya kugombeza wakwe? Mwache apumue."

Nilitaka kuuliza: na kama mzee huyo ni mwimbaji? Nikaogopa atagutuka.

Xiuling akatia sahihi na dole gumba. Wakapita shingoni. Mapafu yalisalimika, uji ukashuka. Sauti haikurudi. Huu ni mwezi wa nane tangu apasuliwe, na akifungua mdomo unatoka upepo tu, kama wa pampu mbovu ya baiskeli.

Juzi nikaungama: hapakuwa na mzee yeyote kitanda cha sita. Akavuta daftari, akaandika:

"Kansa nilijua siku ya kwanza. Imeandikwa mlangoni pa wodi, na mimi nasoma. Nilinyamaza Xiuling asilie. Ila yule mzee nilimwamini."

"Ungejua ni wewe, ungechagua ipi?"

"Kifuani," akaandika. "Hata kama ningefia mezani." Akapiga mstari chini yake, kalamu ikatoboa karatasi.

Xiuling akaingia na bakuli. Kaka akafunika daftari kwa kiganja.

"Anasemaje, baba mdogo?"

"Anaomba chumvi," nikasema.