Taa ya Meno, Siku Moja Kabla ya Nikaha

Nilikuwa nimechoka kabla hata sijakalia kile kiti cha daktari wa meno. Nikaha ya binti yangu Umaima ilikuwa ifanyike Januari, fujo za uchaguzi zikaingia Nakuru, tukaahirisha. Sasa ilikuwa Julai, na mchele nilikuwa nimeuchagua mara mbili, wageni nimewaalika mara mbili, na usingizi sikumbuki mara ya mwisho. Yalikuwa yamebaki meno tu.

Meno yangu ni ya hapa hapa. Nilikunywa maji ya visima vya Nakuru, yenye madini mengi, tangu utotoni, meno yakaota yakiwa kahawia, na hakuna mswaki unaoiondoa rangi hiyo. Tangu usichana nacheka nimeziba mdomo kwa ncha ya leso. Hata kigelegele nakipigia ndani ya leso, kinafia humo. Kaka yake Umaima alipooa, hakuna aliyenisikia. Umaima akaniambia, "Mama, siku yangu mimi nataka nisikie chako." Na wakwe zake walikuwa wanatoka Mombasa, wanawake wenye meno meupe pe. Ningeachamaje mbele yao?

Basi nikaenda kwa Daktari Ritu, mwenye kliniki juu ya duka la vitambaa la baba yake. Nilimuuliza kama taa yake ya kung'arisha meno inauma. Nilimuuliza mlangoni, nikamuuliza kitini, nikamuuliza tena aliponivalisha miwani myeusi. Akasema wengine hawasikii kitu, wengine husikia kama wanadungwa sindano, na kwamba rangi itapungua lakini haitaisha. Nikajiambia nimezaa watoto wanne, taa itanifanya nini?

Akanipanua mdomo kwa plastiki, akapaka dawa nzito, akawasha taa ya buluu. Kwa muda hapakuwa na kitu. Nikaanza hata kusinzia, na hayo ndiyo yalikuwa mapumziko yangu ya kwanza wiki nzima. Ghafla jino la mbele likachomwa mpaka mguu ukaruka. Likatulia. Likachomwa la pili yake. Nikavumilia mpaka taa ikazimwa.

Ndipo akaniambia nisile pilau wala nisinywe chai siku mbili, na nisiache baridi iingie mdomoni. Akauliza nikaha ni lini.

"Kesho," nikasema.

Ritu akavua glavu polepole. "Mama Umaima, si ungekuja wiki jana."

"Wiki jana nilikuwa nachagua mchele."

Taa si kitu. Maumivu nilikutana nayo barabarani, upepo baridi wa mlima Menengai uliponiingia mdomoni. Kila neno nililosema lilipiga jino, likapanda mpaka kichwani. Asubuhi ya nikaha nilikuwa naagiza watu kwa mkono, mdomo nimeufunga kwa leso ile ile niliyotaka kuachana nayo. Wakwe wakadhani naringa. Nilijionea huruma, na nilijikasirikia pia, kwa ujinga wangu.

Umaima alikuwa chumba cha ndani na shangazi zake, mlango umefungwa. Sisi wengine tulikuwa sebuleni. Mlango wa mbele ukafunguliwa, shemeji yangu akaja kutoka msikitini kutuambia nikaha imeshafungwa. Baridi ikaingia naye. Wanawake wote wakanigeukia, maana wa kwanza kupiga kigelegele ni mama.

Nikaishusha leso. Nikavuta pumzi, na pumzi yenyewe ikanikata kama wembe. Nikapiga. Nikapiga kirefu, mdomo wazi, meno yote nje mbele ya Mombasa nzima, machozi yananitoka. Nilipotua kidogo yaliuma zaidi, basi nikapiga tena. Mama mkwe wake akanipa kitambaa, akidhani ni furaha. Nusu ilikuwa furaha.

Nilipofunguliwa chumba cha ndani, wanja ulikuwa umemchuruzika Umaima mashavuni. Akanikumbatia kabla sijakaa.

"Nilikisikia, Mama. Nilikijua ni chako kabla wenzako hawajaitikia."

Nikatabasamu ili ayaone meno. Lakini alikuwa ameshalaza kichwa begani kwangu, amefumba macho, wala hakuyatazama.